Nafunga kichupo kimoja, vinafunguka vitatu: haya matangazo yanatoka wapi hasa?

#1 Mwl_Rwizi (Mbarara)

Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mbarara. Kila muhula ukielekea mwisho huwa natafuta mtandaoni mitihani ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda) ya miaka iliyopita ili vijana wangu wa S4, kidato cha nne, wapate mazoezi. Nikigusa palipoandikwa "pakua", faili halishuki, kinafunguka kichupo (tab) cha kamari. Nikikifunga, nyuma yake kuna kingine kinachonitisha kwamba simu ina virusi na betri inakufa. Nikirudi kwenye ukurasa wa mtihani, nao umeshageuka tangazo. Ile namba ya vichupo pale juu kwenye Chrome imeacha kuwa namba, siku hizi inaonyesha nukta mbili na herufi D.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki: hata kivinjari kikiwa kimefungwa na simu imelala mezani, inalia na kuleta picha za wanawake na mikopo ya haraka. Juzi ilikuwa imeunganishwa na projekta, mbele ya darasa zima. Mtoto wa mtu hakuja shuleni kuonyeshwa yale.

Mimi nadai virusi vimo ndani ya kivinjari chenyewe. Nikikiondoa na kukiweka upya, vitaisha? Nielezeni kama mtu asiye fundi.

#2 FundiWaKafeero (Kampala)

Shikamoo mwalimu. Usikiondoe. Kwenye simu nyingi za Android Chrome haiondoki kabisa, utaizima tu na kuiwasha tena, na tatizo laweza kukusubiri palepale.

Tenganisha mambo mawili. Vichupo vinavyofunguka ukiwa ndani ya tovuti ni kazi ya tovuti ile. Kinacholia simu ikiwa imelala, mara nyingi ni arifa. Kuna siku ukurasa ulikuonyesha picha ya roboti ukasema "bofya Ruhusu kuthibitisha wewe ni binadamu". Kile kitufe hakithibitishi chochote. Kinaipa tovuti kibali cha kukutumia ujumbe saa yoyote, ukurasa ukiwa wazi au umefungwa. Chrome ilianza kuruhusu tovuti kutuma arifa za namna hiyo mwaka 2015, zikakusudiwa kwa barua pepe na habari. Matapeli waliuona mlango huo mapema sana.

Nenda kwenye nukta tatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Kila jina usilolitambua, lizuie. Na tangazo likija usilifungue, lishikilie kwa kidole mpaka lionyeshe limetumwa na nani. Likisema Chrome, jina la tovuti utaliona hapo hapo. Likitaja programu nyingine, rudi hapa, maana hiyo ni kesi tofauti.

#3 BintiBombo

Hiyo ya kushikilia kwa kidole nimeifanya sasa hivi kwenye simu ya mama. Karibu zote zinatoka tovuti moja ya kupakua nyimbo. Asante fundi.

Ila naomba tusiwaseme watu kwamba "waliruhusu". Mama hasomi Kiingereza, na ile sentensi ilikuwa ya Kiingereza. Aliona kitufe kimoja kati yake na wimbo wake, akakigusa. Aliyemfanyia hila ndiye wa kulaumiwa. Nimemgeuzia simu yote iwe ya Kiswahili, Android inayo, na sasa maneno "Ruhusu" na "Zuia" anayasoma mwenyewe. Wenye wazazi wanaosoma Kiswahili wafanye hivyo leo.

#4 MzeeWaMalaba

Mimi na fundi hatutakubaliana. Haya yanatoka kwenye laini. Nasafirisha mizigo, nikivuka upande wa pili na kuweka laini ya kule, kimya. Nikirudi Uganda na kuweka laini ya hapa, kabla sijamaliza chai kibox kimejitokeza katikati ya skrini kinaniuliza kama nataka vichekesho vya kila siku. Sijafungua kivinjari wala nini. Nikigusa vibaya, salio linakatwa. Sasa hapo arifa ya tovuti iko wapi?

#5 KobokoNet

Mzee, unachokisema ni kweli, lakini ni mnyama mwingine. Kibox cha kijivu chenye maandishi matupu na vitufe viwili kinatoka kwenye kadi ya laini, hakipiti kwenye intaneti kabisa. Hata simu ya kitochi hukipata. Kwenye orodha ya programu zako kuna moja yenye jina la mtandao au "SIM", ifungue, humo mara nyingi kuna mahali pa kuzima ujumbe wa matangazo. Usipopapata, pigia huduma kwa wateja udai wakutoe.

Mwalimu anaongelea picha na kurasa. Zamani mtandao uliweza kuchomeka tangazo lake ndani ya ukurasa wa mtu kwa sababu kurasa zilisafiri wazi. Siku hizi tovuti nyingi zinatumia https, yaani ukurasa umefungwa kuanzia kule unakotoka mpaka kwenye simu yako, na aliye katikati hawezi kuchomeka kitu bila kivinjari kupiga kelele.

#6 MzeeWaMalaba

"Tovuti nyingi", umesema mwenyewe. Si zote.

#7 KobokoNet

Si zote, nakubali. Huenda baadhi ya zile za mitihani na za nyimbo zimebaki nyuma.

#8 Chipukizi_Wandegeya

Banange, mnazunguka mbali. Muulizeni mwalimu ana VPN ngapi za bure kwenye simu, zile programu za kupitisha intaneti njia nyingine ili kukwepa vizuizi. Tangu Facebook ifungwe hapa kwetu Januari 2021, kila mtu ana VPN, na VPN ya bure inaishi kwa matangazo. Unaiwasha, tangazo. Unaizima, tangazo. Nyingine inaomba ruhusa ya "Kuonyesha juu ya programu zingine", na ukishaipa inaweza kuchora chochote juu ya skrini hata ukiwa unapiga simu. Hosteli nzima tunaishi hivi. Kivinjari anasingiziwa.

#9 NalongoWaJinja

Nyongeza kidogo, mwanangu. VPN hazikuanza 2021. Zilianza Julai 2018 ilipowekwa ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Wewe labda ulikuwa bado shule ya msingi. Tuliambiana dukani, kanisani, kwenye steji ya boda, "weka VPN usilipe". Kodi yenyewe iliondolewa Julai 2021 ikaja asilimia 12 juu ya data, lakini VPN zikabaki kwenye simu, na nyingi hazijaguswa wala kusasishwa tangu hapo. Kwa hiyo hoja yako naiunga mkono, tena ina mizizi mirefu kuliko ulivyoieleza.

#10 Chipukizi_Wandegeya

Nimepokea Nalongo. Na kweli nilikuwa P7, darasa la saba.

#11 KaseseMpondwe

Hamjamgusa mkubwa. Kuna simu zinatoka dukani zikiwa nayo tayari. Mwaka 2019 Google wenyewe waliandika wazi kwamba programu hatari iitwayo Triada iliingizwa kwenye mfumo wa baadhi ya simu za Android kabla hazijafika kwa mnunuzi. Mtengenezaji anampa kampuni nyingine kazi ya kuongeza kitu kwenye mfumo, na huko ndiko inakochomekwa. Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuwa wameieleza Triada tangu 2016. Halafu ikaja xHelper, programu hatari nyingine, ile ambayo watu walirejesha simu katika hali ya kiwandani na ikarudi, kwa sababu ilijificha sehemu ya mfumo ambayo kule kufuta hakufiki.

Sisi wa mpakani tunanunua simu ya bei ya chini isiyo na risiti, ikiwa imepita mikono isiyojulikana. Binamu yangu alinunua moja mpya ndani ya boksi. Kabla hajaweka akaunti yoyote, tangazo la kwanza limefika. Hajatembelea tovuti, hana VPN. Mnielezee hiyo kwa arifa.

#12 FundiWaKafeero

Kasese, ya Triada ni kweli, na simu kama ya binamu yako nimeziona mezani kwangu. Ila nasihi tusianze na hiyo. Wateja wengi wanaoniletea simu wakiapa kwamba "imeingiliwa kiwandani", nakuta ni arifa tu, au programu ya tochi, ya kusafisha simu, ya kubadilisha ukuta wa skrini. Ukianza kwa kumwambia mtu simu yake ni mbovu tangu kuzaliwa, atanunua nyingine bure, na tabia za kubofya atahamia nazo.

Kuna njia ya kupima. Shikilia kitufe cha kuwasha, menyu ikitokea shikilia neno "Zima" mpaka simu iulize kama iwake katika hali salama (simu nyingine zina vitufe tofauti kidogo). Katika hali hiyo programu zote ulizoweka mwenyewe hulala. Matangazo yakikoma, mchawi ni moja ya programu zako, ziondoe mojamoja ukianzia ya karibuni. Yakiendelea, hapo namsikiliza Kasese.

#13 Mwandishi_Entebbe

Samahani nawaingilia. Mimi naendesha blogu ya kilimo, na matangazo ndiyo yanalipa umeme na bando langu. Nikisoma hapa naona kila tangazo limekuwa mwizi. Yale ya heshima, yanayokaa pembeni ya makala, yanatofautiana na huu uhuni wa kufungua vichupo. Mtandao wa matangazo ninaoutumia ungenifungia nikiweka vidirisha vinavyojifungua. Mkizuia yote kwa pamoja, mnayemuua ni mimi mdogo. Tovuti za wizi zitapata njia nyingine.

#14 Chipukizi_Wandegeya

Pole kaka, lakini bando ni langu. Video inayojicheza pembeni ya makala ya muhogo nailipia mimi.

#15 Mwandishi_Entebbe

Kwangu hakuna video inayojicheza. Njoo uone kabla ya kuhukumu.

#16 DerevaGulu

Nani alibuni huu upuuzi lakini? Nasikia ni Google.

#17 KobokoNet

Hapana. Ni Ethan Zuckerman, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Tripod miaka ya 1990, kabla Google haijawa kitu. Tripod iliwapa watu kurasa za bure na kuweka matangazo juu yake. Kampuni moja ya magari ikakasirika kuona tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya ngono. Akaandika msimbo wa kufungua tangazo kwenye dirisha lake peke yake, lisionekane limeshikana na ukurasa. Mwaka 2014 aliandika katika jarida la The Atlantic akiomba radhi.

Vivinjari vilichukua muda kujibu. Opera ilitangulia kuweka kizuizi, wakafuata Mozilla (wenye Firefox), na Internet Explorer ikaja kukipata 2004 pamoja na Windows XP SP2.

#18 BintiBombo

Sasa kama vizuizi vipo tangu 2004, kwa nini mwalimu anateseka leo? Hapo ndipo sielewi.

#19 FundiWaKafeero

Swali zuri nnyabo, na ndilo la msingi. Kizuizi kinakataa dirisha linalojifungua lenyewe. Linalofunguka kwa sababu wewe umegusa, kinaliacha, kwa sababu tovuti halali nazo hufungua madirisha ukibofya, mfano ukurasa wa malipo. Basi wahuni wanatandaza tabaka lisiloonekana juu ya ukurasa mzima. Unapogusa "pakua" mara ya kwanza, umegusa lile tabaka. Kivinjari kinahesabu kwamba umeomba mwenyewe. Ndiyo maana mguso wa kwanza unaleta kamari na wa pili au wa tatu ndio unaleta faili. Na ule mchezo wa kurudi ukakuta ukurasa umegeuka ni dada yake: mtihani unakufungulia kichupo kipya, kile cha zamani wanakibadilisha kuwa tangazo huku nyuma.

Tangu Julai 2019 Chrome inafuta matangazo kwenye tovuti zilizobainika kukiuka viwango, dunia nzima. Lakini tovuti ikifungiwa, kesho inaamka na jina jipya.

#20 Mama_Ntinda

Dawa niliyoiona inafaa kwa watoto wangu ni Firefox ya Android na kiendelezi (programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari) cha uBlock Origin, kinachozuia matangazo. Chrome ya simu haipokei viendelezi, Firefox inapokea. Vichupo vya kamari vimetoweka, na bando linadumu zaidi. Kwenye kompyuta jueni kwamba Chrome imeshakiacha kile cha zamani, kilichobaki ni uBlock Origin Lite, chenye uwezo mdogo. Firefox bado wanacho kizima.

#21 KobokoNet

Kwa asiyetaka kubadilisha kivinjari: Android 9 kwenda juu ina sehemu ya "DNS ya faragha" kwenye mipangilio ya mtandao (DNS ni kama kitabu cha anwani za tovuti). Andika humo dns.adguard-dns.com. Simu itakataa kutafuta anwani za matangazo kwa programu zote, si kivinjari tu. Ila VPN ikiwaka kwa kawaida inapita njia yake, na Wi-Fi za ofisi nyingine zitagoma mpaka uizime.

#22 Mwandishi_Entebbe

Na mimi nitakuwa nimezimwa humo.

#23 Mama_Ntinda

uBlock ina kitufe cha kuizima kwa tovuti moja. Nipe blogu yako, kwako nitaizima. Kilimo napenda.

#24 NalongoWaJinja

Mmezungumza virusi mpaka mmesahau vichupo vyenyewe. Ile alama ya nukta mbili na D inatokea vichupo vikizidi 99, na mwalimu hawezi kuniambia vyote vimefunguliwa na wahuni. Nakijua kisa hiki dukani kwangu. Kila kiungo cha WhatsApp kinafungua kichupo. Bei ya sukari, kichupo. Tangazo la kazi ya mtoto wa dada, kichupo. Sivifungi kwa sababu nikivifunga ukurasa sitaupata tena, na kuufungua upya ni bando. Vichupo ni daftari langu. Nani ana njia bora?

#25 Mama_Ntinda

Alamisho, Nalongo. Ile nyota kwenye menyu. Na kukiacha kichupo wazi hakuokoi bando: simu ikikosa kumbukumbu hukitupa ndani kwa ndani, ukirudi kinapakuliwa upya. Ukitaka ukurasa ubaki kweli, kwenye Chrome ya simu kuna alama ya mshale wa kupakua ndani ya menyu, unausoma hata bila mtandao.

#26 NalongoWaJinja

Hiyo ya kupakua sikuwa nimeiona kwenye menyu. Nimejaribu, nimezima data, ukurasa upo. Mungu akubariki.

#27 BusiaSaiba

Mnazungumza simu, hakuna aliyetaja kompyuta za saiba. Mimi ninazo, bado za Windows 7. Chrome iliacha kuihudumia Windows 7 mapema 2023, kwa hiyo kivinjari changu ni cha zamani na kila hila mpya inapita. Watu wanakuja kuchapisha fomu za chuo, ukurasa unajaza skrini nzima, king'ora, namba ya kupiga, "usizime kompyuta". Mteja anatetemeka.

Ninachofanya: Ctrl, Shift na Esc, inafunguka Task Manager, namfunga Chrome kutoka kule. Nikimfungua tena sibofyi "Rejesha kurasa", maana itarudisha uleule. Na ile namba hatupigi kamwe, hakuna kampuni ya kweli inayokupa namba ya simu ndani ya king'ora.

#28 Chipukizi_Wandegeya

Weka Firefox ESR ya 115 mzee (ESR ni toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu), ndiyo iliyoendelea upande wa Windows 7 wengine walipoondoka. Halafu anza kuweka akiba ya Windows mpya.

#29 Mwl_Rwizi

Nimerudi. Nawashukuru wote, nimesoma mpaka mwisho.

Arifa: fundi alikuwa sahihi, orodha ya "Zimeruhusiwa" ilikuwa ndefu na sitambui hata jina moja. Nimezizuia zote. Tangu hapo simu haijalia. Nimeweka Firefox kama alivyosema Mama Ntinda, na mitihani inashuka kwa mguso wa kwanza. VPN ninayo moja, ya zamani, Nalongo ameniona kwa mbali.

Lakini limebaki moja. Nikichomeka chaja, linakuja tangazo la skrini nzima, hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Nikiangalia programu zilizofunguliwa karibuni, naona kisanduku kisicho na jina wala picha. Lile nalishikilia vipi kwa kidole?

#30 Chipukizi_Wandegeya

VPN. Ondoa leo.

#31 KaseseMpondwe

Kisanduku kisicho na jina? Hiyo ni ya kiwandani ssebo. Simu uliinunua wapi?

#32 Mwl_Rwizi

Dukani kabisa, yenye risiti na dhamana. Kasese, usinitie hofu.

#33 FundiWaKafeero

Msimtishe mwalimu. Programu inaweza kuficha picha yake na bado ikawa ya kuwekwa na mtu. Mwalimu, kabla ya kuondoa chochote, nenda Mipangilio, tafuta "Kuonyesha juu ya programu zingine", tuandikie hapa majina yote yenye ruhusa. Kisha leo usiku iwashe katika hali salama, chomeka chaja, uone.

#34 Mwl_Rwizi

Wenye ruhusa: WhatsApp, ile VPN, programu ya kusafisha simu ambayo sikuiweka mimi, na moja inayojiita "Huduma" tu. Katika hali salama nimechomeka na kuchomoa chaja, halikuja.

#35 Chipukizi_Wandegeya

Nilisema.

#36 KaseseMpondwe

Hujasema kitu. Zimo mbili ambazo hakuziweka yeye. Na nyingine zinajua kusubiri saa kadhaa kabla ya kuanza. Kutokuja mara moja hakuthibitishi.

#37 MzeeWaMalaba

"Huduma" inaweza kuwa ya laini pia. Sijaondoka kwenye msimamo wangu.

#38 FundiWaKafeero

Mwalimu, gusa hiyo "Huduma", shuka mpaka chini, angalia ilisakinishwa kutoka wapi. Kama ni Play Store itaandikwa. Isipoandikwa, ilikuja kama faili, labda siku mojawapo ulipodhani unapakua mtihani. Usirejeshe simu katika hali ya kiwandani kwanza, utapoteza maksi za watoto.

#39 DerevaGulu

Mwalimu, wakati wanabishana: mke wangu naye anafundisha, shule yao wamechanganua mitihani ya Kiswahili ya miaka kadhaa, PDF safi. Nitumie ujumbe wa faragha nikurushie kwa WhatsApp, usihangaike na zile tovuti.

#40 Mwl_Rwizi

Nimekutumia ssebo. Na kama ana zile za insha za P7, naomba nazo kwa jirani yangu. Fundi, nimegusa "Huduma": pale pa kutoka wapi hapana kitu.

#41 FundiWaKafeero

Piga picha ya skrini ya ruhusa zake zote uiweke hapa. Usiiondoe mpaka niione.